Maswali ya wasomaji: Kuchangia wenye kifafa, hesabu vidonge kabla ya vichwa

Barua za mwezi huu zimetoka mbali na karibu, kuanzia Mahenge hadi Muscat, na nyingi zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: tumekusanya, au tunataka kukusanya, pesa za kuwasaidia wenye kifafa, tuzitumieje? Ikumbukwe tangu mwanzo kwamba mchango huu haufanani na wa msiba wala wa harusi. Msiba una siku zake ukaisha. Dawa ya kifafa humezwa kila siku kwa miaka, na anayekusanya bila kuhesabu siku humwacha mgonjwa njiani.

Tumepata pesa, tuanze na wangapi?

*Habari za kazi. Sisi ni kikundi cha wazazi katika kata moja hapa Ulanga. Baada ya mavuno tulifanya harambee, tukapata Sh 1,850,000 taslimu na ahadi za Sh 900,000. Orodha yetu ina watu 41 wenye kifafa, wakubwa kwa watoto. Wanachama wengi wanataka wote 41 waanze dawa mwezi ujao. Je, inawezekana?*
Katibu wa kikundi, Mahenge

Hongereni kwa kuanza. Jambo la kwanza, ahadi ziwekeni pembeni. Pesa ya kupangia ni ile iliyoshikwa mkononi. Ahadi ikilipwa iingie kwenye akiba, isiwe sababu ya kuongeza mgonjwa leo.

Sasa hesabuni vidonge. Mtu mzima anayetumia fenobabitoni, mojawapo ya dawa za kifafa, kwa kawaida huanza na miligramu 60 kwa siku, yaani vidonge viwili vya miligramu 30, na mtoa huduma anaweza kupandisha kidogo kidogo. Vidonge viwili kwa siku ni 730 kwa mwaka, vinne ni 1,460. Kwa mtoto dozi huanzia miligramu 2 hadi 3 kwa kila kilo ya uzito, hivyo mwenye kilo 15 huanza na kidonge kimoja au kimoja na nusu. Dozi anapanga mtaalamu, ninyi mnaihitaji kwa ajili ya bajeti tu. Kwa mtu mzima wekeni makisio ya vinne, kwa sababu dozi ikipanda katikati ya mwaka bajeti ya viwili itakatika.

Kinachokula pesa zaidi, tena kimya kimya, ni nauli. Tuseme kwenda na kurudi kliniki ni Sh 8,000. Mtu mmoja kwa mwaka, kila mwezi, ni Sh 96,000. Kwa watu 41 ni Sh 3,936,000, zaidi ya mara mbili ya mlichonacho, na bado hamjanunua kidonge hata kimoja. Kwa hiyo, kabla ya kugawa chochote, mwoneni mganga mfawidhi mkiwa na maombi mawili. La kwanza: wagonjwa waliokwisha kutulia wapewe dawa za miezi mitatu kwa mkupuo, ili safari 12 ziwe 4. La pili: mtaalamu wa kliniki ya kifafa aje kwenye zahanati yenu siku moja kila mwezi, ninyi mgharimie mafuta ya pikipiki na posho yake. Ikiwa siku hiyo inagharimu Sh 60,000, mwaka mzima ni Sh 720,000 kwa watu wote 41. Linganisheni na ile milioni tatu na ushee.

Hapo mnabakiwa na Sh 1,130,000. Tengeni Sh 280,000 ya akiba isiyoguswa, kwa ajili ya miezi ambayo dirisha la dawa hospitalini litakuwa tupu na mtalazimika kulipia duka la dawa kwa cheti cha daktari. Zinazobaki, Sh 850,000, zigawanyeni kwa gharama ya dawa ya mtu mmoja kwa mwaka, kwa bei ya duka la hospitali. Jibu mtakalopata ndiyo idadi ya watu wa kuanza nao. Huenda likawa 41, huenda likawa 20. Likiwa 20, anzeni na 20, wa 21 aingie pale miezi yake 12 itakapokuwa imelipiwa yote.

Tunasisitiza hili kwa sababu moja kubwa. Ubongo uliozoea dawa ukinyimwa ghafla, kifafa hurudi kwa nguvu, na mara nyingine mtu huanguka mfululizo bila kuzinduka katikati. Hali hiyo inaua. Kumwanzishia mtu dawa kwa miezi miwili kisha mfuko ukaisha ni kumtia kwenye hatari ambayo hakuwa nayo. Na mtaalamu hafikirii kumpunguzia mtu dawa kabla hajakaa angalau miaka miwili bila kuanguka, kwa hiyo ya mwaka huu ni nusu tu ya safari.

Nani watangulie? Kwanza wale walio kwenye dawa tayari na ambao upatikanaji wa dawa zao unasuasua. Kisha wanaoanguka mara nyingi, na wenye makovu ya moto au waliowahi kuangukia majini. Orodha ipangwe na mtaalamu, si mwenyekiti.

Na kwa kuwa mko Mahenge, kuna jambo la kwenu hasa. Kliniki ya kifafa ya huko ilianzishwa na Dkt. Louise Jilek-Aall mwaka 1960, naye ndiye aliyeandika mapema kuhusu watoto wa kwenu wanaosinzia kichwa, yaani kifafa kinachofanya kichwa kiiname mara kwa mara. Tafiti zilizofuata zimeonyesha uhusiano kati ya kifafa cha aina hiyo na usubi, ugonjwa unaoenezwa na inzi weusi wanaozaliana kwenye mito yenye maji ya kasi. Kingatiba ya usubi, ivamektini, hutolewa bure na mtengenezaji tangu mwaka 1987, kwa hiyo mchango wenu hauhitaji kununua hata kidonge chake. Kinachokosekana ni watu kujitokeza. Elfu chache za kukodi spika na kuzungusha pikipiki vitongojini siku ya ugawaji zitazuia wagonjwa wa kesho. Kingatiba haimponyi aliyekwisha kupata kifafa, waambieni watu hivyo waziwazi wasije wakakata tamaa, na mtoto asiyefika sentimita 90 kwenye kijiti cha kupimia kimo hapewi.

Pesa ziko kwenye simu ya mweka hazina

*Mfuko wetu wa dawa uko kwenye simu ya mweka hazina, na kila mwezi sehemu tunakopeshana kwa riba ili zizae. Sasa maneno yameanza. Mnatushauri nini?*
Mwanachama, Kahama

Acheni kukopeshana pesa za dawa, hata kama riba ni tamu. Kikoba cha kawaida mkopaji akichelewa, wanachama wanasubiri. Hapa mkopaji akichelewa wiki tatu, mtoto wa mtu anaanguka. Na wakopaji huchelewa kwa pamoja, msimu wa kulima, wakati ambao wazazi nao hawana kitu. Mkitaka kuzalisha, fungueni mfuko wa pili wenye jina lake.

Simu ya mtu mmoja si pa kuweka pesa ya wagonjwa, hata awe mwaminifu namna gani. Akifiwa, akiugua au akiibiwa simu, mfuko unasimama. Tumieni M-Koba, huduma ya simu ya kutunza pesa za kikundi, ambako viongozi wengine lazima waidhinishe kabla pesa haijatoka, au akaunti ya benki yenye watia saini watatu. Benki itawataka cheti cha usajili, kwa hiyo nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata mkiwa na katiba, orodha ya wanachama na muhtasari wa kikao mlichokubaliana.

Pesa isipite mikononi mwa mgonjwa wala kiongozi inapowezekana. Hospitali ya serikali hutoa kumbukumbu namba ya malipo, lipeni kwa hiyo, chapisheni risiti, ibandikwe kwenye daftari pamoja na nakala ya cheti cha dawa. Na madaftari yawe mawili. La pesa ni la wazi, msomeeni kila mwanachama. La wagonjwa ni la siri, na katika daftari la pesa mgonjwa aandikwe kwa namba. Kusoma majina mkutanoni, "mtoto wa fulani, dawa za kifafa", kumewafanya wazazi wengi wajitoe bila kusema sababu.

Niko Muscat, nitume dawa?

*Assalaam alaykum. Sisi Waswahili wa huku tumejipanga kununua dawa za kifafa na kuzituma kijijini kwetu Tanga kwa wasafiri. Naambiwa huku kuna dawa nzuri zaidi. Ni sawa?*
Msomaji, Muscat

Wa alaykum salaam. Msizitume, tumeni pesa. Fenobabitoni iko chini ya udhibiti wa kimataifa, na msafiri atakayekutwa na makopo yake bila vibali atapata taabu uwanja wa ndege. Dawa kuingia Tanzania kunahitaji idhini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Kwa sababu hiyohiyo hata kikundi cha kijijini kisinunue kopo la vidonge 1,000 kikaliweka nyumbani kwa katibu. Kililipie, likae famasi, vidonge vitolewe kwa cheti.

Kuna kosa jingine linalofanywa kwa nia njema: kumhamishia mgonjwa kwenye dawa mpya ya bei kubwa ambayo zahanati ya kwao haina. Miezi minne mzigo unafika, wa tano haufiki. Dawa bora kwa mtu wa kijijini ni ile inayomtuliza na inayopatikana karibu naye mwezi ujao. Kikundi chenu kikiahidi kiasi kilekile kila mwezi, hata kiwe kidogo, kitasaidia kuliko mzigo mkubwa wa Ramadhani peke yake.

Tupige picha akiwa ameanguka?

*Kijana wetu wa jamii alirekodi binti akiwa ameanguka sokoni, video ikazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, na michango ikaingia haraka sana. Wengine wanasema tuendelee hivyo.*
Mjumbe wa kamati, Korogwe

Msiendelee. Binti huyo atatafuta kazi, atachumbiwa, ataingia darasani, na video itamtangulia kila mahali. Taarifa za afya ya mtu ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na idhini ya mzazi aliyesimama mbele ya watu waliokwisha kutoa pesa si idhini ya hiari.

Onyesheni kingine. Mpigeni picha akiwa kazini kwake, kwa ridhaa ya maandishi, akijua itatumika wapi. Au msimwonyeshe mtu kabisa: andikeni kwamba kiasi fulani kinalipia mwezi mmoja wa dawa wa mtu mmoja, na mweke risiti ya mwezi uliopita. Watoaji wanarudi pale wanapoona risiti.

Video yenyewe ina kazi yake halali, nayo ni kumsaidia daktari. Daktari mara chache humwona mgonjwa akianguka, hutegemea maelezo. Mmoja amhudumie mgonjwa, mwingine arekodi mwili mzima kuanzia mwanzo: kichwa kimegeukia upande gani, mikono yote miwili au mmoja, macho, na dakika ngapi. Aonyeshwe mtaalamu tu, kisha ifutwe.

Mtaji wa nguruwe

*Shikamoni. Kikundi chetu cha akina mama kimepata mchango wa kuwapa mtaji watu kumi wenye kifafa. Tumefikiria nguruwe wawili kila mmoja kwa sababu wanazaana haraka. Tunaomba ushauri.*
Mama wa Mbulu

Marahaba, mama. Swali lako ni zito kuliko linavyoonekana, hasa kwa Mbulu, ambako kifafa kinachotokana na tegu wa nguruwe kimechunguzwa kwa miaka mingi.

Mambo huenda hivi. Mtu akila nyama ya nguruwe isiyoiva yenye vifuko vya mnyoo, vyeupe kama punje za mchele, anapata tegu tumboni. Tegu huyo hutoa mayai kwenye choo kikubwa. Nguruwe anayezurura akila kinyesi hicho, anajaa vifuko. Na mtu akimeza mayai hayo kwa mikono isiyonawa au mboga iliyochafuka, vifuko vinaweza kujijenga kwenye ubongo wake, naye akaanza kuanguka. Anaweza kuwa mtu asiyekula nguruwe kabisa. Kwa hiyo kugawa nguruwe 20 kwenye kaya zisizo na choo, wakiachwa wazurure, ni kuchangisha pesa za kuongeza kifafa.

Mradi unaweza kufanyika kwa masharti, na mpangilio wake ni muhimu. Choo kinachotumika na kila mtu wa kaya kitangulie. Kisha banda lenye sakafu iliyoinuliwa na lililofungwa mwaka mzima, maana wengi hufunga msimu wa mazao tu na kufungulia baada ya kuvuna. Kisha nguruwe. Nyama ikaguliwe na afisa mifugo kabla ya kuliwa, na ipikwe mpaka wekundu uishe. Kaya isiyotimiza mawili ya mwanzo ipewe kuku wa kienyeji au cherehani ya mguu, ambayo ni kazi ya kukaa na mtu akianguka haanguki mbali. Bodaboda, kupanda minazi, kuchimba visima na kuvua peke yake havifai kwa mtu ambaye bado anaanguka.

Kabla ya mtaji wowote, angalieni jiko. Mafiga matatu chini ndiyo yanayowaunguza wengi wenye kifafa, kwa sababu mtu huanguka akipika. Jiko la udongo lililoinuliwa hadi usawa wa kiuno, moto ukiwa umezungukwa pande zote na sufuria imezama ndani ya shimo lake, hujengwa kwa matofali ya kuchoma, udongo wa kichuguu na nguvu za kikundi kwa siku moja. Mlango wa kuni uangalie upande asiposimama mpishi.

Harambee ya MRI

*Ndugu yetu ana miaka 19 na ameanguka tangu akiwa mdogo. Tunapanga harambee apelekwe Nairobi kupigwa MRI, yaani picha ya ndani ya ubongo, na kipimo cha umeme wa ubongo. Anatumia dawa lakini bado anaanguka.*
Dada, Kilifi

Dada, msitangaze harambee kabla hamjajibu swali hili: dozi anayotumia imefika kiwango chake, na anaimeza kila siku? Sehemu kubwa ya wanaoendelea kuanguka wamebaki kwenye dozi ya kuanzia, au wanaruka siku dawa zinapokwisha. Hesabuni vidonge vilivyobaki kwenye pakiti mlinganishe na tarehe aliyopewa. Ukweli utaonekana palepale.

Kifafa hutambuliwa zaidi kwa maelezo ya aliyeshuhudia. Kipimo cha umeme wa ubongo kinaweza kutoka safi ilhali mtu ana kifafa, kikifanywa siku ambayo ametulia. MRI ina maana zaidi pale kifafa kilipoanzia ukubwani, kinapoanzia upande mmoja wa mwili, kunapokuwa na udhaifu wa mkono au mguu, au mgonjwa alipojaribu dawa mbili sahihi kwa dozi sahihi na bado anaanguka. Daktari akiandika rufaa kwa moja ya sababu hizo, changisheni bila kusita.

Kabla ya hapo, mwandikisheni SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya. Kaya isiyo na mshahara huchangia kuanzia Sh 300 za Kenya kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka, na hilo ni lengo ambalo jamaa kumi wanalimaliza jioni moja.

Mzee anataka mfuko ulipie mganga

*Baba mzazi anakataa hospitali, anataka pesa za kikundi zimpeleke mtoto kwa mganga wa jadi.*
Mwanakikundi, Ifakara

Msimtukane mzee wala mganga wake. Mwambieni kwamba mfuko, kwa mujibu wa katiba, hulipia dawa zenye cheti na nauli ya kliniki tu, na kwamba maombi au tiba nyingine ni hiari ya familia mradi dawa ya hospitali isikatishwe. Kisha mkaribisheni siku ya kliniki akae na mzazi ambaye mtoto wake ametulia. Ni huyo atakayembadilisha, kuliko hotuba ya katibu. Na mkisikia wanafamilia wanaogopa kumgusa mtoto kwa ajili ya mapovu, wajibuni wazi: kifafa hakiambukizi kwa mate, kwa mkojo wala kwa kula sahani moja.

Matembezi ya tarehe 26 Machi

*Tunataka matembezi ya kuchangia siku ya zambarau. Tuanzie wapi?*
Kamati ya vijana, Morogoro

Tarehe 26 Machi ni siku ya uelewa wa kifafa, iliyoanza mwaka 2008 na sasa huadhimishwa nchi nyingi, na zambarau ndiyo rangi yake. Anzeni na fulana, kwa sababu ndizo zinazomeza faida. Kamati nyingi huchapa kwa makisio ya watu watakaokuja, nusu zinabaki kwenye boksi. Pokeeni malipo kwanza, funga orodha siku kumi kabla, chapeni zilizolipiwa pamoja na chache za ziada. Kitambaa cha zambarau cha kufunga mkononi kinagharimu kidogo na kinafanya kazi ileile.

Polisi wapelekewe taarifa ya maandishi. Sheria inataka saa 48 kabla, ila ninyi pelekeni wiki mbili kabla pamoja na ramani ya njia. Njia iwe fupi, kilomita tatu hadi tano, na muanze saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Watembeaji wenyewe baadhi wana kifafa, na kukosa usingizi, kukosa chakula na kuchelewa dawa huchochea kuanguka. Watangazieni wameze dawa na kunywa chai kabla ya kutoka.

Kila watu 30 wawe na mhudumu mmoja mwenye saa. Mtu akianguka: ondoa vitu vya hatari karibu yake, weka kitu laini chini ya kichwa, mlaze ubavu, tazama saa. Usimshike kwa nguvu, usimtie kijiko wala kitambaa mdomoni, usimmwagie maji. Ikipita dakika tano, au akianguka tena kabla hajazinduka, gari iende hospitali, kwa hiyo gari hilo liwepo limekodiwa na dereva asiwe mtembeaji.

Mwisho wa njia mtawakuta watu wamechangamka, na hapo ndipo mnada wa jogoo na mikungu ya ndizi unapoingiza zaidi. Aliyeshinda alipe palepale kwa Lipa Namba ya kikundi kabla hajakabidhiwa jogoo wake. Ndani ya siku saba bandikeni kwenye ubao wa ofisi ya kata mapato, gharama za fulana, gari na spika, na idadi ya miezi ya dawa iliyopatikana.